Leo Tu, Bagamoyo

Katika soba hausi za Bagamoyo, nyumba wanamokaa waraibu wanaoacha dawa za kulevya, asubuhi huanza kwa ufagio. Uwanja ukishafagiliwa na chai ya rangi ikishanywewa, wakaazi hupanga viti vya plastiki duara, wakakaa. Mmoja hutaja jina lake na kusema kwamba yeye ni mraibu. Wenzake humkaribisha kwa sauti moja. Kisha huyo husema yaliyomsibu tangu jana: usiku alikosa usingizi, amegombana na mwenzake kwa ajili ya sabuni, ameota yuko kijiweni. Kabla ya kikao kufungwa, kuna maneno mawili yatakayokuwa yametamkwa mara nyingi kuliko mengine yote: leo tu. Leo tu situmii. Ya kesho anayajua Mungu.

Maneno hayo hayakuzaliwa Bagamoyo. Yalitoka mbali, yakavuka bahari, yakapita Unguja. Ila naamini yalikubalika upesi katika mwambao huu kwa sababu yaliwakuta watu waliokuwa wamezoea, tangu enzi za mababu, kushikilia kauli fupi inayorudiwa kwa pamoja pale dunia inapowaelemea. Na waliokuja nayo walikuwa watu ambao wenyewe waliwahi kugaagaa sakafuni kwa arosto, yale maumivu ya kukosa heroini. Bila watu hao, maneno yangebaki ukutani.

Turudi nyuma kidogo. Bagamoyo ya karne ya 19 ilijaa watu waliong'olewa kwao. Misafara ya pembe na watumwa iliishia hapa, ikitoka Tabora, Ujiji na Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi walikuja kwa maelfu, wakalipwa, wakarudi bara. Watumwa hawakurudi. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, chini ya Padri Antoine Horner, walifungua misheni yao nje kidogo ya mji, na humo wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa watoto. Maisha ya kijiji yaliendeshwa kwa kengele: sala, shamba, darasa, sala tena. Si wote walioyapenda. Wapo waliotoroka, na haki yao ilikuwa hiyo, maana kukombolewa na kupangiwa kila saa ya siku ni mambo mawili yanayogongana. Hata hivyo wapo waliobaki, na Aprili 1872 kimbunga kilipopiga Unguja na Bagamoyo na kuangusha majengo ya misheni, walikuwa miongoni mwa walioanza upya. Mwaka 1888 vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilipowafukuza watu majumbani, wakimbizi walijaa katika viwanja hivyo hivyo.

Upande wa pili wa mji kuna kisa ninachokipenda zaidi. Yahya bin Abdallah alizaliwa Manyema, akaletwa pwani akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya familia ya Kiomani ya Al-Lamki. Alipata uhuru, akafanya biashara, akasoma, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa sheikh wa tarika ya Kadiria. Watu walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Tarika hiyo ilikuwa imeenea sana pwani tangu Sheikh Uways wa Barawa alipofika Unguja katika miaka ya 1880. Katika mji ambao nasaba ilikuwa kila kitu, ambapo asiye na ukoo wa Kiarabu au wa Kishirazi alikaa nyuma, mtumwa wa zamani alikaa mbele na watu wakamfuata. Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, aliendeleza kazi, na ziara ya Bagamoyo imekuwa ikivuta umati kutoka pwani yote na bara.

Fikiria sasa ni nani waliokuwa wakikaa kwenye zikri zile za mwanzo. Wengi walikuwa watu wa asili ya utumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Walikuwa watu wasio na kaburi la babu la kuzuru. Uradi una maneno machache, lakini hurudiwa mara nyingi, kwa pumzi moja, bega kwa bega, na mgeni aliyeingia jana hutamka kile kile anachotamka sheikh. Simfananishi mcha Mungu na mwenye arosto, wala sisemi soba hausi ni tarika. Nasema tu kwamba mji huu ulijua, miongo mingi kabla ya kete ya kwanza ya heroini, kwamba mtu aliyenyang'anywa nafsi yake anaweza kuirudisha kidogo kidogo kwa kukaa duara na wenzake na kusema neno lile lile kila siku.

Unga, kama heroini inavyoitwa mitaani, ulikuja miaka ya 1980. Mwanzoni ulikuwa wa kahawia, brauni shuga, na ulionekana Unguja, Mombasa, Malindi na Dar es Salaam, katika miji yenye bandari na watalii. Wengi waliuvuta. Waliuchanganya na bangi na tumbaku wakauita kokteli, na wengi hawakujua wanachovuta mpaka siku walipokikosa. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia unga mweupe, unaoyeyuka upesi kwenye maji, na pamoja nao bomba la sindano. Mambo yakaharibika haraka. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi na waraibu Dar es Salaam waliripoti jambo ambalo hata leo huwezi kulisoma bila kuweka karatasi chini: wanawake wasio na fedha ya kete walipewa na wenzao damu. Aliyejidunga alivuta damu yake mara tu baada ya unga kuingia, akampa rafiki yake ajidunge, ili arosto imwachie japo kidogo. Ilikuwa huruma, na huruma hiyo ilibeba virusi. Katika utafiti mmoja wa miaka hiyo jijini humo, takriban 4 kati ya kila waraibu 10 wanaojidunga walikutwa na VVU.

Mzigo ulipita baharini, kwenye majahazi kutoka mwambao wa Makran, kule Iran na Pakistani zinakopakana. Ukitaka kujua ukubwa wake, kumbuka Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilipokamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Moja tu. Pwani yetu, kuanzia Kunduchi na Mbweni kupanda Bagamoyo, Saadani na Pangani, ina vijito, mikoko na bandari bubu zisizohesabika. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa ya Ulaya. Makombo yalibaki hapa, na makombo yalitosha.

Basi yale maneno mawili yalitoka wapi? Mwaka 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, dalali wa hisa aitwaye Bill Wilson alikutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote walikuwa walevi walioshindikana. Waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, hamu ya pombe hupungua kwa saa kadhaa, na kwamba hakuna hotuba ya padri, daktari wala mke iliyowahi kufanya hivyo. Kutokana na hapo ukazaliwa umoja wa walevi wanaosaidiana bila kutaja majina ya ukoo. Umoja huo ukaandika hatua zake 12, ukajiwekea misemo: siku moja kwa siku moja, pole pole, la kwanza liwe la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ukachukua pia dua fupi inayohusishwa na mwanateolojia Reinhold Niebuhr, ya kuomba utulivu kwa yasiyobadilika, ujasiri kwa yanayobadilika na busara ya kuyatenganisha. Mwaka 1953, California, watumiaji wa dawa za kulevya wakaunda umoja wao kwa mfano huo, na "leo tu" ikawa nguzo yao.

Afrika Mashariki ilipokea mambo haya kwa vipande. Malindi, Kenya, Omari Project ilianza kuwahudumia watumiaji wa heroini katikati ya miaka ya 1990, wakati serikali nyingi za ukanda huu zilikuwa bado zinazungumzia polisi tu. Unguja, mwaka 2009, watu waliopata nafuu wenyewe, Suleiman Mauly akiwa miongoni mwao, walifungua soba hausi ya kwanza. Waliungwa mkono na watu wa Detroit, Marekani, ambao nao walikuwa wamepita njia hiyo hiyo, na nyumba moja ya Unguja ikabeba jina la mji huo. Napenda kuwaza Wamarekani weusi wa Detroit, mji ulioona unga ukimaliza mitaa yake, wakikaa duara Unguja na vijana wa mitaa ya huko, Malindi na Miembeni. Wazao wa waliovushwa bahari nyingine na wazao wa walioachwa ufukweni mwa hii walikuwa na ugonjwa mmoja na msamiati mmoja.

Bara nako nyumba zikafunguliwa. Bagamoyo ilifaa, na sababu naziona wazi. Iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam: mama wa Kinondoni anaweza kwenda kumtazama mwanawe na kurudi siku hiyo hiyo, lakini mwana hawezi kutembea kwa miguu hadi kijiweni kwake. Miongoni mwa taasisi zilizojulikana hapa ni Life and Hope Rehabilitation Organization, na familia nyingi za Dar zimesikia habari za Bagamoyo kwa mara ya kwanza siku walipoambiwa kwamba ndugu yao anaweza kupata nafasi huko. Nafasi hiyo hulipiwa kila mwezi, na malipo ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa kabla hawajaanza.

Tumwangalie kijana wa siku ya tatu. Pua inavuja kama mwenye mafua. Anapiga miayo na machozi yanamtoka bila kulia. Tumbo linakata, anakwenda chooni mara kwa mara, mifupa ya mapaja inauma kana kwamba imo mikononi mwa mtu anayeikamua, na usiku miguu haitulii. Hii ndiyo arosto. Siku ya pili na ya tatu huwa ndizo mbaya kuliko zote, na baada ya wiki hivi mwili huanza kulegeza, ingawa usingizi na furaha huchelewa sana kurudi. Mtu wa hali hiyo ukimwambia aache unga maisha yake yote, umemfukuza. Maisha yote ni marefu. Hawezi hata kuyafikiria mpaka jioni.

Hapo ndipo "leo tu" hufanya kazi yake. Mwenzake anayelala kitanda cha pili, aliyemaliza miezi kadhaa, hamwahidi kwamba atapona. Humwambia avumilie mpaka adhuhuri. Adhuhuri ikiadhiniwa, wanasema tufike alasiri. Kisha magharibi. Huu mji una misikiti ya kutosha, na adhana husikika hata kwa asiyeswali, kwa hiyo kijana wa kwetu ana kipimo cha siku ambacho wale wa Akron hawakuwa nacho. Mkristo wa nyumba hiyo hiyo huhesabu kwa adhana hizo hizo. Nimeona watu wakieleza misemo hii kama ujanja wa saikolojia, na labda ni hivyo, lakini kwa mtu anayetetemeka ni kitu cha kushika mkononi.

Msemo mwingine ni wa maneno manne: njaa, hasira, upweke, uchovu. Aliyeacha hufundishwa kujikagua mara tamaa inapompanda. Umekula? Nani amekuudhi? Umekaa peke yako tangu lini? Umelala? Mara nyingi jibu limo humo, na sahani ya wali maharage huondoa kile alichodhani ni hamu ya unga. Kuna pia onyo juu ya kete ya kwanza: waraibu husema hakuna anayerudi mtaani kwa sababu ya kete ya kumi, ni ile moja ya kuonja. Na kuna "rudi tena", ambayo huambiwa aliyeteleza. Hili la mwisho ndilo gumu kwa familia. Mama aliyeibiwa simu, mtungi wa gesi, sufuria, na mwisho kanga zake za sandukuni, amemsamehe mwanawe mara nyingi mno, na anaposikia "rudi tena" huona kama mtoto anafundishwa kuanguka. Simlaumu. Lakini kufunga mlango humrudisha kijana mahali pamoja tu panapompokea bila masharti, nako ni kijiweni.

Pwani imekuwa na misemo yake kwa muda mrefu. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, zimevaliwa na wanawake waliosema kwa nguo yale ambayo mdomo haukuruhusiwa. Majahazi yana majina ya kuomba salama. Kwa hiyo mwenye kuleta neno fupi la faraja hapa haleti kitu kigeni. Kigeni kilikuwa mabango yale yaliyobandikwa mashuleni na zahanatini kuwaamrisha watu wakatae dawa za kulevya. Bango huzungumza na ambaye hajaanza. Aliyekwisha kuanza hupita mbele yake akijua kwamba halimhusu, na aibu inazidi. "Leo tu" husemwa na mtu wa pembeni yako ambaye naye, siku hiyo hiyo, anaihitaji.

Pamoja na hayo yote, sitaki msomaji aondoke akidhani neno linatosha. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya aina yake inayoendeshwa na umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara, na Jessie Mbwambo, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Mgonjwa huja kila siku, hupewa kikombe cha dawa, hukinywa mbele ya mhudumu. Arosto haimpati, unga hauna tena nguvu juu yake, na anaweza kwenda kazini. Mwishoni mwa mwaka 2012 nchi nzima ilimwona mwanamuziki Rehema Chalamila, Ray C, akienda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga katika wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo, kwa kumsaidia kupata matibabu. Siku ile wazazi wengi waliokuwa wakificha mtoto chumbani walijua kwamba kuna pa kumpeleka.

Ugomvi ukazuka, na haujaisha. Baadhi ya watu wa soba hausi hushikilia kwamba anayekunywa methadoni hajaacha, amebadilisha tu. Kwao, hana haki ya kukaa duara na kuhesabu siku zake. Nakubaliana nao kwa mengi, lakini hapa wanakosea, na kosa hili linaua. Anayefukuzwa kwenye duara kwa sababu ya kikombe hurudi kwenye sindano, na mwili uliokaa bila unga hauhimili tena kipimo chake cha zamani. Tena hakuna mahali ambapo "leo tu" ni kweli tupu kuliko kwenye dirisha la kliniki, ambako dawa ya leo ni ya leo na ya kesho utaifuata kesho. Bagamoyo sasa ina huduma ya methadoni katika hospitali yake. Nyumba na hospitali ziko katika mji mmoja mdogo, na zingeweza kupelekeana watu kwa bodaboda.

Wakati mgumu kuliko wote ulikuwa mwanzoni mwa mwaka 2017. Februari ile Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitaja hadharani majina ya watu, wasanii wakiwemo, akawataka waripoti polisi kwa tuhuma za dawa za kulevya. Mwezi huo huo Rais John Magufuli alimteua Rogers Sianga kuwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Vita dhidi ya wauzaji vilihitajika. Lakini kwenye vijiwe mtumiaji na muuzaji hawatofautishwi na anayewakimbiza, na jamii iliyokuwa imeanza kuzoea neno "mgonjwa" ikarudi kwenye neno "teja". Kwa waliokuwa ndani ya nyumba, viti viliendelea kupangwa asubuhi. Katika majira kama yale ndipo nilipoelewa kwa nini misemo hii ni mifupi. Mtu mwenye hofu hakumbuki sentensi ndefu.

Kuna jambo moja ambalo linaniuma na lazima niliseme. Ukipita katika soba hausi nyingi za Tanzania utakuta wanaume. Vitanda ni vya wanaume, vikao ni vya wanaume. Wanawake ndio waliopeana damu mwaka 2005, ndio waliokutwa na maambukizi kwa kiwango kikubwa zaidi, na ndio wachache sana kwenye nyumba na kliniki. Aibu yao ni mara mbili, wana watoto ambao hawana wa kuwaachia, na familia iliyo tayari kumlipia kijana wa kiume miezi minne humwambia dada yake akae ndani mpaka watu wasahau. Sheikh Ramiya alijenga duara lililowapokea waliokaa nyuma ya mji. Maduara ya leo ya Bagamoyo bado yana viti vya kuongeza, na mwanamke wa siku ya tatu, mwenye mtoto mgongoni, anahitaji kwanza nyumba yenye kitanda chake na mtu wa kumshikia mtoto wakati anatapika.